Jinsi giza linavyotunza siri za michezo ya mezani kwenye kompyuta

MCHEZAJI akiliona joka lililofichwa pangoni kabla hajaingia, mchezo huwa umeharibika hata kabla ya kuanza.

Hilo ndilo tatizo lililowakabili wapenzi wa michezo ya kuigiza wahusika walipohamia kwenye intaneti. Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani na kuchapishwa 1974, msimamizi huwasimulia wenzake yaliyo mbele yao huku ramani akiificha kwa mkono au karatasi. Kwenye kompyuta, ramani nzima ingeonekana na kila mtu.

Programu kama Roll20, iliyoanza mwaka wa 2012, na Foundry Virtual Tabletop, iliyotolewa mwaka wa 2020, hutatua jambo hilo kwa kutumia nuru na giza.

Kwanza, msimamizi huchora mistari juu ya kuta zilizomo katika ramani. Mistari hiyo haionekani na wachezaji, lakini huzuia macho na mwanga. Milango huwekwa kando ili iweze kufunguliwa na kufungwa, nayo madirisha hupitisha macho bila kumpitisha mtu.

Pili, huweka vyanzo vya mwanga. Kwa mujibu wa kanuni za mchezo huo, mwenge hutoa mwanga mkali hadi futi 20, kisha mwanga hafifu kwa futi 20 zaidi.

Tatu, kila mhusika hupewa uwezo wake wa kuona. Mbilikimo wa hadithini, kwa mfano, huona gizani, ijapokuwa hatambui rangi ila kijivu. Binadamu asiye na mwenge haoni lolote.

Hivyo basi, watu wawili walio katika chumba kimoja huweza kuona mambo tofauti kwenye skrini zao, na hulazimika kuambiana. Aidha, anayebeba mwenge hujianika kwa adui aliye mbali. Kuwasha au kuzima taa hugeuka kuwa uamuzi wa kufa na kupona.

Hata hivyo, zana hizi zina kasoro zake. Ufa mdogo baina ya kuta mbili huvujisha mwanga na kufichua siri. Mhusika aliyesahaulika kupewa macho humwachia mwenyewe skrini nyeusi tititi. Vyanzo vingi vya mwanga navyo hulemea kompyuta zisizo na nguvu.

Kwa sababu hiyo, ni busara msimamizi aikague ramani kwa macho ya kila mhusika kabla ya wenzake kuwasili. Panapokuwa mchana na uwanja ni wazi, inatosha kuwasha mwanga wa jumla. Giza lihifadhiwe kwa mahali penye jambo la kufichwa, kwani likitanda kila mahali huwachosha wachezaji badala ya kuwatia hofu.