Shujaa Asiye na Shangazi: Ukoo na Usawiri katika Hadithi za Mfululizo

Wadogo zangu kule Wamaza husoma katika simu hadithi za majini na falme za ajabu, sehemu baada ya sehemu, kisha jioni hunisimulia. Likizo iliyopita nilimuuliza mmoja wao, anayelelewa na shangazi yetu tangu vita vilipoitawanya nyumba yao, kwamba yule shujaa aliyemfuata kwa miezi mingi ni mtu wa namna gani. Akanitajia upanga wake, pete yake na maadui aliowaua. Nikauliza: na mama yake? Akafikiri kidogo. "Yaya, alikufa sehemu ya kwanza." Na wadogo zake? "Wapo, lakini hawajarudi tena."

Katika makala hii nataka kueleza kwamba majibu hayo mawili ni jibu moja. Shujaa hana tabia kwa sababu hana ndugu.

Kwa kawaida lawama huangukia mfululizo wenyewe. Kila sehemu lazima iishie penye taharuki ili msomaji aingoje inayofuata. Mwandishi huleta mhusika kwa haja ya siku hiyo, halafu humwacha. Wazazi huuawa mapema kwa kuwa wanazuia safari: mama mzima angeuliza mtoto anakwenda wapi na atarudi lini. Badala ya kubadilika kitabia, shujaa huongezewa nguvu.

Sababu hiyo ina ukweli, lakini haitoshi, kwa kuwa masimulizi ya sehemu sehemu ni ya zamani kuliko simu. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kivu ya Kaskazini ulisimuliwa na Shé-Kárisi Rureke mwaka 1956, kipande baada ya kipande kwa siku kadhaa, Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika. Kitabu kikatoka mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene. Miujiza imejaa humo: Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Lakini kila tukio kubwa limefungwa kwenye uhusiano wa damu. Baba yake, Shemwindo, hataki mtoto wa kiume, anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto anakwenda kumtafuta shangazi yake, Iyangura. Wajomba zake wahunzi wanamfulia mavazi ya chuma. Anaposhuka chini ya ardhi kumfuata baba aliyekimbia, shangazi anabaki juu ameshika ncha ya kamba. Kamba ikitulia, atajua mtoto amekufa. Na mwisho si kumuua baba. Baba anarudishwa, wanakaa watatu mbele ya watu, Shemwindo anakiri kosa lake, na utawala unagawanywa.

Tunamjua Mwindo kwa namna anavyosimama mbele ya kila mmoja wao: ni mwenye majivuno kwa adui, msikivu kwa shangazi, mwenye hasira na kiu ya kupatana kwa baba. Mtu mmoja, nyuso tatu. Huo ndio usawiri.

Pengine mtu atasema kwamba kinachokosekana ni wahusika duara, kwa mgawanyo wa E. M. Forster wa mwaka 1927 tunaofundishwa darasani. Sidhani. Katika *Adili na Nduguze* (1952), Shaaban Robert anawapa wahusika majina ya tabia zao: Adili, Hasidi, Mwivu. Ni bapa kabisa. Hata hivyo, Adili anapolazimishwa na jini kuwachapa kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani, msomaji anaumia pamoja naye. Wangekuwa manyani wa mtu mwingine, pasingekuwa na hadithi. Ubapa umebebwa na undugu.

Lugha yenyewe inatuonyesha hilo. Katika Kiswahili sanifu, majina ya ukoo huungana na kimilikishi kuwa neno moja: babangu, mwanao, nduguze. Hatufanyi hivyo kwa meza au upanga. Neno linapotamkwa, mwenye ndugu yumo tayari ndani yake, na wajibu pia. Kwetu mtu mzima haitwi kwa jina tupu. Ni baba Amisi au mama Zaina. Lakini katika hadithi nyingi ninazosimuliwa, shujaa huita kila mtu kwa jina na kila mtu humwita kwa jina. Hakuna anayemwita mwanangu, mjomba wala yaya. Mwandishi ametupa chombo cha bei rahisi kuliko vyote alivyonavyo.

Kwa msomaji anayelelewa na shangazi hili si jambo dogo. Hadithi inayomwonyesha kwamba nguvu huja baada ya kuachana na watu haimsaidii kuyaelewa maisha yake. Nilimsimulia mdogo wangu habari za Mwindo kwa jioni tatu. Aliuliza swali moja tu: "Shangazi aliishika kamba muda wote?"

Kwa wenzangu wa kitivo wanaoandika mifululizo, napendekeza maswali matatu kabla ya kutoa sehemu mpya. Nani anamngoja shujaa nyumbani? Nani ana haki ya kumkemea? Anamwitaje? Kama yote matatu hayana jibu, upanga mpya hautasaidia.