Gari Ambalo Huwezi Kukataa Kuliuza

Mashabiki wa siku nyingi wa Safari Rally hawahitaji kufundishwa majina ya Kifini. Hannu Mikkola alishinda Afrika Mashariki mwaka 1972, Ari Vatanen 1983, Juha Kankkunen mara tatu, na juzijuzi Kalle Rovanperä, 2022 kisha 2024. Kisichojulikana sana huku ni kwamba Wafini wana mchezo mwingine wa magari, wa watu wa kawaida vijijini, usio na wadhamini wakubwa wala helikopta. Wenyewe huuita jokkis. Majirani zao wa Uswidi wanao pia, kwa jina la folkrace. Huko ndiko magari madogo ya familia yanakokwenda kumalizia uhai wao.

Chanzo ni chumvi. Wakati wa baridi barabara kuu humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huanza kula bodi kutoka chini: sakafu, vizingiti vya milango, mahali springi zinaposhikizwa. Injini ya Corolla au Golf inaweza kuwa bado nzima siku gari linapokataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya kutu. Kwetu gari hilo lingepelekwa kwa fundi bodi, lipigwe rangi, lipate miaka mingine kumi ya kubeba abiria. Kule, kulichomelea mpaka likubalike tena barabarani hugharimu zaidi ya thamani yake. Basi jirani mwenye kijana wa miaka 15 huja kuliulizia. Umri huo unatosha kushindana uwanjani, ingawa leseni ya barabarani bado iko mbali.

Kazi huanza kwa kuvua. Viti vinatoka, zulia linatoka, vioo vinatoka. Mbele ya dereva huwekwa wavu wa chuma, maana kokoto za gari lililotangulia hazina adabu. Kisha huchomelewa kizimba cha mabomba ndani ya bodi, na hapo utani huisha. Mtu anaweza kupaka rangi kwa brashi ya kupakia ukuta na hakuna atakayemsema, lakini mshono mbovu wa bomba humrudisha nyumbani kabla hajawasha injini. Kiti cha mashindano, mikanda ya mabegani na kiunoni, kofia ngumu: hivi havibahatishwi. Vilivyobaki huokotwa kwenye magari chakavu, ikiwemo shokapu na springi ngumu zaidi.

Wapo wanaopenda Volvo za zamani zinazosukumwa na tairi za nyuma, na ni raha kuzitazama zikienda upande. Lakini gari dogo lenye mlango wa nyuma lina faida yake: uzito wa injini umekaa juu ya tairi zinazolivuta, kwa hiyo linang'ang'ania changarawe na barafu. Spea zake nazo ziko kila banda.

Sasa tufike kwenye desturi inayoutofautisha mchezo huu na mingine. Mashindano yakiisha, gari lililoshiriki linaweza kununuliwa kwa bei moja iliyopangwa na shirikisho la mchezo huo, na kwa miaka mingi bei hiyo haikuvuka euro 2,000 Ufini. Mwenye gari hana ruhusa ya kusema hapana. Akikataa kuuza, leseni yake ya mashindano iko hatarini. Wakijitokeza wanunuzi wengi, hupigwa kura ya bahati.

Nimewahi kujiuliza kanuni hii ingedumu kwa muda gani kwetu kabla kesi haijafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Kwao imedumu, na wageni hupenda kuisifu kama ushahidi wa roho ya usawa. Mimi naona kinyume. Kanuni imetungwa na watu wanaojuana vizuri, wanaojua kwamba mwenye pesa hatajizuia akiachwa huru. Hawakumwomba awe na kiasi. Walihakikisha tu kwamba injini ya euro 5,000 inaweza kuondoka jioni na mtu mwingine kwa bei ya gari chakavu.

Hapo ufundi hugeuka kuwa hesabu ya ajabu. Gari likiwa bovu mno, unashindwa. Likiwa zuri mno, kila mtu analitamani. Na kinachopotea hakiishii kwenye pesa. Usiku wote wa kuchomelea, baba akishika taa na binti akishika bomba, huuzwa pamoja na bodi. Ujanja haukosekani: ndugu na marafiki huingia kwenye kura kwa wingi ili gari lirudi nyumbani lilikotoka. Kila mtu anajua, na hakuna anayeshangaa.

Siku yenyewe ni ya familia. Kuna daraja la vijana na daraja la wanawake, kuna kahawa nyingi na soseji za kuchoma, na kati ya mbio moja na nyingine kuna nyundo. Bodi iliyobonyea mpaka kugusa tairi hufungwa mnyororo na kuvutwa. Urembo hauna pointi.

Jioni kijana anaweza kuliona gari lake likipanda trela la mtu mwingine, pengine la mpinzani aliyemaliza nyuma yake. Lakini mnunuzi akishindana nalo, naye anabanwa na kanuni ileile. Hakuna kinachomzuia kijana kulifuata kwenye mashindano yajayo na kuingia kwenye kura.