Uraia na kura Kalemie

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya 2006 inatambua uraia mmoja tu, usiochanganywa na wa nchi nyingine. Raia wa asili ni kila mtu wa makabila yaliyokuwa nchini wakati wa uhuru, 30 Juni 1960. Kwa hiyo Mtwa wa Kalemie, mkoani Tanganyika, ni raia sawasawa na Mluba au Mtabwa, haki iliyokanyagwa vibaya katika mapigano ya Watwa na Waluba mkoani humo. Mwaka 2022 sheria maalumu ya kuwalinda Watwa na jamii nyingine za asili kama wao ilitolewa, nayo ilichelewa mno.

Raia hupiga kura kwa siri, wanawake na wanaume waliotimiza miaka 18. Kadi ya mpiga kura, inayotolewa na tume ya uchaguzi, CENI, ndiyo pia kitambulisho cha kila siku cha wengi.