Kizinda si Kipimo cha Ubikira

Msomaji, wako mabibi arusi waliorudishwa kwao kwa kuwa shuka ya usiku wa harusi haikuwa na damu. Dhuluma hiyo hutokana na kutoujua mwili.

Kizinda ni utando mwembamba mlangoni mwa uke. Kwa kawaida hauzibi njia yote. Una tundu ambalo damu ya hedhi hupitia. Umbo lake hutofautiana, na mara nyingi hutanuka bila kupasuka. Kwa hiyo bikira huenda asitoke damu hata kidogo.

Sisi madaktari hatuwezi kuthibitisha ubikira kwa kumtazama msichana, wala kungwi hawezi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka upimaji huo ukomeshwe. Mzazi, usimpeleke binti yako kupimwa.