Vipimo safi, mwili bado unauma

Malaria hakuna. Tezi ya shingo inafanya kazi sawasawa, kipimo cha baridi yabisi kimerudi hasi, eksirei haina kitu. Daktari anakunja karatasi: "Mama, huna ugonjwa." Mama anarudi nyumbani na maumivu yake yale yale, ila sasa ameongezewa mzigo wa kuonekana anajisingizia. Jirani atasema ni mawazo, shangazi atasema ni mkono wa mtu, na duka la dawa litamuuzia diklofenaki.

Wengi walioambiwa mwishowe kwamba wana fibromialjia wamepita njia hiyo, wengine kwa miaka. Ndiyo maana naona siku jina la ugonjwa linapotajwa, maelezo ndiyo dozi ya kwanza. Hata EULAR, chombo cha Ulaya cha wataalamu wa magonjwa ya viungo, kilipopitia upya mwongozo wake mwaka 2017 kiliitanguliza elimu kwa mgonjwa, vidonge vikafuata baadaye.

La kwanza kuelezwa ni kwamba maumivu hayo ni ya kweli. Hitilafu haiko kwenye mifupa wala misuli, iko katika namna ubongo na uti wa mgongo vinavyopokea habari za maumivu: king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita. Mwaka 2002 Richard Gracely na wenzake, huko Marekani, waliwabonyeza watu kidole gumba wakiwa ndani ya mashine ya MRI. Mbonyezo mdogo ambao wengine hawakuujali uliwaumiza wenye fibromialjia, na picha zikaonyesha ubongo wao ukishughulika na maumivu hasa. Eksirei haioni kitu kwa sababu hakuna kilichovunjika wala kuliwa. Hiyo ni habari njema pia: ugonjwa huu hauharibu viungo.

Kuutambua hakuhitaji mashine ya mamilioni. Kwa vigezo vya 1990 daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili, 11 zikiuma basi. Tangu 2010 kinachohitajika zaidi ni kusikiliza: maumivu yameenea wapi, yamedumu miezi mitatu, unaamka umechoka kana kwamba hukulala, unasahau ulichofuata jikoni? Vipimo vya damu ni vya kuondoa shaka ya magonjwa mengine.

Kuhusu dawa, mgonjwa aambiwe ukweli. Diklofenaki husaidia kidogo mno, na ikimezwa kila siku huumiza tumbo na figo. Amitriptilini ya dozi ndogo usiku, pregabalini au duloksetini huwapunguzia baadhi ya watu, si wote. Daktari aeleze mapema kwamba amitriptilini hutumika pia kutibu sonona, la sivyo mgonjwa atasoma karatasi ya dawa, aone kumbe ameonekana ana matatizo ya akili, na kidonge kiishie kwenye pipa la taka.

Tiba ambayo mwongozo ule wa 2017 uliiunga mkono kwa nguvu zote ni moja tu: mazoezi. Najua, kumwambia mtu anayeumwa mwili mzima atembee kunafanana na dhihaka. Siri iko kwenye kipimo. Wengi wakipata siku moja nzuri hufua nguo za wiki nzima, wakapiga deki na kwenda sokoni, kisha hulala kitandani siku mbili. Afadhali dakika kumi za kutembea leo, kumi tena kesho, hata siku unapojisikia una nguvu za kulima shamba. Nyongeza ije polepole, wiki kwa wiki. Na mume au watoto waingie chumba cha daktari wasikie wenyewe, maana "mbona jana ulikuwa mzima" huanzia nyumbani.

Tahadhari moja. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, ukipata homa, ukikonda bila sababu au mguu ukipoteza nguvu, usiseme ni fibromialjia ile ile. Rudi hospitali upimwe upya.