Katuni ya robo wachimba madini: tuiangalie pamoja na watoto

Wiki hii tuongee juu ya kitu ambacho watoto wetu wanakijua kutupita sisi: robo wanaogeuka kuwa magari. Wanawaona kwenye nyumba za video, kwenye telefoni za kaka zao, na hata kwenye picha za mifuko ya shule. Wengi wetu tunasema "hiyo ni michezo ya watoto" na kuendelea kumenya mihogo. Lakini moja ya filamu hizo inagusa mambo ambayo kwetu Kivu ya Kusini si mchezo hata kidogo.

Filamu inaitwa Transformers One. Nakala za Kifaransa zinaitwa Transformers : Le Commencement. Ilitoka mwaka 2024, imeongozwa na Josh Cooley, na inachukua saa moja na dakika 44. Yote ni katuni iliyotengenezwa kwa kompyuta.

Hadithi yenyewe

Kwenye sayari ya mbali, Cybertron, kuna marafiki wawili, Orion Pax na D-16. Kazi yao ni kuchimba Energon, madini yanayowapa robo wote nguvu. Wakubwa wa mji wanaweza kugeuka kuwa magari au ndege. Wachimbaji hawawezi: kifuani mwao pana tundu tupu, hawana kile kifaa cha kugeukia. Wameambiwa kwamba walizaliwa hivyo, basi wakubali. Mkubwa wao, Sentinel Prime, anasifiwa na wote kama mlinzi wa taifa.

Siku moja wanatoka juu na kukuta ukweli. Hawakuzaliwa hivyo. Sentinel ndiye aliyewanyang'anya kile kifaa kabla hawajaamka. Ndiye aliyewasaliti viongozi wa zamani, na madini wanayoyatokea jasho anayapeleka kwa adui kwa siri.

Hapo marafiki wanaachana njia. Wote wawili wametendewa ubaya uleule. Orion anataka ukweli utangazwe mbele ya watu na mji ujengwe upya. D-16 anataka damu. Anapomlenga Sentinel, Orion anaruka katikati na kupigwa yeye. D-16 anamshika mkono asianguke shimoni, kisha anamwachilia. Orion anapewa uhai tena na kuwa Optimus Prime, na rafiki yake anakuwa Megatron. Vita vyao haviishi tena.

Kwa nini inatuhusu

Hapa Katogota hakuna mama asiyejua kijana aliyeacha shule akaenda Kamituga au Misisi kutafuta dhahabu. Wengine bado ni watoto. Sheria ya nchi yetu namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, sheria ya ulinzi wa mtoto, inakataza kazi zinazohatarisha maisha ya mtoto, na inakataza kumwingiza mtoto jeshini au katika kundi lolote la silaha. Sheria ipo, lakini mtoto anayesikia kila siku kwamba "sisi tulizaliwa kwa jembe na shimo tu" ataamini. Lile tundu la kifuani tunaweza kulitia wenyewe kwa maneno yetu, hasa kwa binti anayeambiwa shule si ya kwake.

Jambo la pili ni hasira. Uwanda wetu wa Ruzizi umepitiwa na vita mara nyingi, na vijana wetu wamebeba machungu ya kweli. Anayekuja kuwatafuta kwa ajili ya bunduki haanzi na uongo. Anaanza na kidonda chenyewe: "Ulinyang'anywa, basi lipiza." D-16 hakuwa mbaya tangu mwanzo. Alikuwa rafiki mwema, mwoga kidogo, aliyependa kufuata sheria. Hasira yake ilikuwa na haki. Njia aliyoichagua ndiyo iliyompoteza. Ni vigumu kumfundisha kijana neno hilo kwa mahubiri. Kwa hadithi, analiona mwenyewe.

Shida ni kwamba wengi wanaiangalia kwa Kifaransa wasichokielewa vizuri, au kwa sauti inayomezwa na kelele. Wanaondoka na ngumi na moto peke yake.

Nyuma ya filamu kuna duka

Tusisahau jambo hili pia. Robo hawa walianza kama vitu vya kuchezea. Takara ya Ujapani ilivitengeneza, kisha kampuni ya Marekani, Hasbro, ikavinunua na kuanza kuviuza kwa jina la Transformers mwaka 1984, pamoja na katuni ya televisheni ya kuvitangaza.

Mwaka 1986 ilitoka filamu ya kwanza ya katuni. Optimus Prime, kipenzi cha watoto, alikufa ndani yake, pamoja na robo wengi wa zamani. Sababu ilikuwa ya biashara: robo wapya walikuwa wanangoja kuuzwa madukani. Watoto walilia ndani ya sinema, wazazi wakalalamika, na mwaka 1987 alirudishwa katika katuni ya televisheni.

Kwa hiyo mtoto akilia akitaka robo ya plastiki, mama usijione maskini. Filamu ilitengenezwa ili alie hivyo. Magari ambayo watoto wetu wanaunda kwa waya, makopo ya sardini na vipande vya kamambili yanafundisha mikono na akili.

Tufanye nini nyumbani

- Uliza filamu gani inaonyeshwa kabla mtoto hajaenda, na nani yuko nao pale.
- Kaa naye hata nusu saa. Dada au kaka anayejua Kifaransa aeleze kwa Kiswahili.
- Wadogo sana wasiiangalie. Kuna kuuana ndani yake. Mtoto aliyeona vita akianza kuota vibaya au kunyamaza, zima, mkumbatie, muulize polepole.
- Baadaye muulize: Nani alimdanganya Orion? D-16 alikasirika kwa haki? Wewe ungefanya nini?

Kwenye kikao kijacho cha likirimba, tukimaliza hesabu, tuchukue dakika chache. Kila mama aseme jibu ambalo mtoto wake alimpa kwa swali la mwisho. Majibu hayo yatatuambia ni mtoto yupi anahitaji kusikilizwa zaidi, kabla mtu mwingine hajamsikiliza kwa faida yake.