KUWINDA KWA UPINDE: MSIMU WA KUKOSA, SIKU YA KUPATA

Katika toleo hili nataka kuwaeleza jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa masimulizi ya mababu tu, yaani kuwinda kwa upinde na mshale. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikulegeza kamba. Niliyoyaona niliyaona ng'ambo, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, anakoishi mjomba wangu. Nilimtembelea Novemba mwaka jana, shule zilipofungwa.

Kwanza, mnyama mwenyewe. Vitabu vyetu humwita kulungu, wengine husema paa, na katika Biblia utakutana na ayala. Lakini kulungu wetu wa msituni ni jamaa ya swala, na pembe zake hazing'oki mpaka anakufa. Yule wa Marekani ni wa ukoo mwingine kabisa. Dume ana pembe zenye matawi, na kila mwaka wakati wa baridi huanguka zikaota nyingine. Katika Afrika nzima ukoo huo una makao ya asili kaskazini tu, upande wa Aljeria na Tunisia. Basi nikisema kulungu hapa, msomaji, elewa ni huyo wa mbali, mwenye mkia mweupe kwa chini.

Pili, silaha. Mjomba alikulia Kitui, na utotoni alichunga mbuzi akiwa na uta mdogo wa kulenga ndege. Mishale ya wawindaji wa zamani ilipakwa sumu ya mti uitwao msunguti, na sumu hiyo ndiyo iliyousimamisha moyo wa mnyama. Wisconsin sumu hairuhusiwi. Chembe ya mshale ina nyembe kali, na mnyama hufa kwa kutokwa na damu. Kwa hiyo mwindaji hulenga mapafu, nyuma kidogo ya bega, na kama hana hakika haachilii mshale. Upinde wa mjomba una kapi mbili kwenye ncha zake, mtindo ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen alipewa hataza yake mwaka 1969. Kuuvuta kunataka nguvu ya kilo 27 hivi, lakini ukishauvuta wote, kapi zinabeba mzigo na wewe unabaki na chini ya robo. Ndiyo maana mtu anaweza kuushikilia huku akingoja.

Sasa ugumu uko wapi? Uko kwenye umbali. Mwenye bunduki anaweza kupiga mnyama aliye mita mia mbili. Mwenye upinde anamtaka awe hatua ishirini au thelathini, na hapo kulungu ana pua, masikio na macho ya kukushinda. Mjomba hujificha juu ya mti, kwenye dungu kama lile la kulindia mahindi, amejifunga mkanda asianguke. Kabla ya kupanda hupima upepo kwa kumwaga unga mwembamba hewani. Upepo ukienda kwa mnyama, ni afadhali urudi nyumbani ukalale.

Msimu wa upinde huko huanza katikati ya Septemba, na mjomba huandika kila siku katika daftari. Nilipofika alikuwa ameketi dunguni mara kumi na saba bila kuachilia mshale hata mmoja! Septemba kulikuwa na joto na mbu, na kulungu walitembea usiku tu. Oktoba dume kubwa lilifika karibu, upepo ukageuka, likapiga chafya, likagonga kwato na kutoweka. Jingine lilisimama vizuri lakini tawi likakinga kifua. Shangazi akawa anamtania, "Leo pia tunapika maharagwe, ama?" Kwake ulikuwa utani, lakini mjomba hakucheka. Alikuwa amewaahidi majirani nyama, na bado wiki mbili bunduki zianze kulia.

Jumamosi ya pili ya Novemba aliniamsha usiku. Dungu lake lilikuwa la watu wawili. Baridi ilikuwa chini ya sifuri, meno yakinigongana. "Tulia tu, usicheze," akaninong'oneza. Sheria inaruhusu kuanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, lakini saa mbili na zaidi zilipita tukiona kuchakuro tu.

Mara jike likaja na mwanawe, wakapita chini yetu. Mjomba hakugusa upinde. Kibali alichobaki nacho kilikuwa cha dume. Tena Novemba ni majira ya kupandana, na jike likipita, dume huwa nyuma. Kumbe kweli! Likaja limeinamisha pua chini likifuata harufu. Kichwa kilipofichika nyuma ya mti, mjomba akavuta. Lilipotokea akalia "mee" kwa sauti ndogo, nalo likasimama kusikiliza. Hatua kumi na nane. Nikasikia ugwe tu, tap! Likakimbia.

Nilitaka kuruka chini, akanishika mkono. Mnyama aliyejeruhiwa akifukuzwa huenda mbali na kuteseka, ilhali akiachwa hulala karibu. Tulingoja nusu saa kwa saa. Damu ilikuwa na povu, dalili ya mapafu, nasi tukalikuta hatua themanini tu kutoka pale. Mjomba aliweka mkono juu yake, akanyamaza kitambo. Ndipo akatabasamu.

Kazi haikuishia hapo. Matumbo yalitolewa mara moja nyama isiharibike, na ilimpasa aripoti kwa serikali ya jimbo kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku iliyofuata. Tangu mwaka 2002 kuna ugonjwa wa ubongo kati ya kulungu wa Wisconsin, kwa hiyo alipeleka kichwa kupimwa, na nyama ikakaa kwenye friza mpaka majibu mazuri yalipokuja. Siku hiyo majirani waligawiwa, nasi tukala kwa ugali. Shangazi alinyamaza, bana!

Wasomaji wenzangu, sisemi turudi kuwinda. Sheria yetu ni yetu, na wanyama wetu tuwatunze. Nililojifunza ni hili: asubuhi zile kumi na saba hazikupotea bure. Ndizo zilizomfundisha mjomba njia za wanyama, upepo wa kila pembe, na wakati wa kutoachilia mshale. Wahenga walinena, subira huvuta heri. Nami naongeza kwamba subira ya mwindaji ina kazi ndani yake. Anayekungoja kwenye mtihani ujao naye ana masikio makali, kwa hivyo tujiandae. Hapo natua kalamu.